Wadudu wa Kulisha Kuku Garissa: Maswali Matatu Kabla ya Kuwamwaga Bandani

Garissa, Wajir na Mandera ni nchi ya ngamia, ng'ombe na mbuzi. Hata hivyo, ukame wa 2020 hadi 2023, ulioua zaidi ya mifugo milioni 2 katika maeneo kame ya Kenya, umeifanya mitetea michache nyuma ya nyumba ionekane kuwa mali ya maana. Kuku hahamishwi kutafuta malisho, maji yake ni machache, na yai lake huuzika siku ile ile. Kinachomsumbua mfugaji ni chakula. Gunia la chakula cha kuku linapofika Garissa limeshasafiri zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi, na kilicho ghali zaidi ndani yake ni protini: soya na omena. Omena nao wametoka Ziwa Victoria, upande wa pili wa nchi.

Wadudu wako hapa hapa. Nusu au zaidi ya uzito wa nzige aliyekauka ni protini, na mabuu makavu ya nzi askari mweusi hufikia takriban asilimia 40. Kuku wa kienyeji anayeparua chini ya mti tangu alfajiri anawatafuta hao hao. Kwa hiyo hakuna ubishi kwamba kuku anafaa kula wadudu. La kuangalia ni wadudu gani, kutoka wapi, na kwa kiasi gani.

Nasisitiza "kutoka wapi" kwa sababu mdudu mmoja anaweza kuwa lishe au sumu. Panzi aliyekamatwa kwenye nyasi za malisho na panzi aliyekamatwa kando ya shamba la nyanya lililopuliziwa jana wanafanana kwa kila kitu. Macho hayawatofautishi, na kuku hawatofautishi. Mwenye kujua ni wewe, na utajua kwa kujiuliza maswali matatu kila unapowashika wadudu mkononi: Walikula nini? Nini kiliwaua? Wamehifadhiwa vipi tangu wafe? Ukikosa jibu la swali hata moja, usiwape kuku.

Swali la kwanza: walikula nini?

Hatari kubwa kuliko zote ni funza wa mzoga. Wakati wa ukame mizoga hutapakaa, na baada ya siku chache huwa imejaa funza weupe wanene. Kumwona kuku akiwala kwa pupa kunaweza kumfurahisha mfugaji asiyejua. Ndani ya mzoga unaooza huzaliana bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayetengeneza sumu kali ya mishipa ya fahamu. Sumu hiyo haimdhuru funza. Humkaa mwilini tu. Kuku akila funza hao, hata wachache, ndani ya saa chache hadi siku mbili miguu hulegea, mabawa huanguka, kisha shingo hulala chini kama kamba. Manyoya yake hung'oka kwa urahisi ukiyavuta. Wengi hufa.

Kwa hiyo mzoga uzikwe kwa kina au uchomwe, mbali na banda. Na ukimkuta mnyama aliyekufa ghafla huku damu inamtoka puani, mdomoni au nyuma bila kuganda, usimguse, usimpasue wala usimchune. Huenda ni kimeta, ambacho huua watu pia. Mjulishe afisa wa mifugo wa wadi yako mara moja.

Funza wa chooni na mende wa chooni nao waache. Hubeba vijidudu vya kuhara kama salmonela, na vijidudu hivyo huweza kufika hadi kwenye yai na nyama mezani kwako. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika kaunti hizi, jambo hili lina upande wa dini pia. Fiqhi inamzungumzia mnyama anayekula najisi kwa wingi, jallala, na imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa aina hiyo siku 3, akimlisha chakula safi, kabla ya kumla. Ukiwa na shaka na kile kuku wako walichokula, muulize imamu wa msikiti wako.

Mbawakawa wanaoviringisha kinyesi cha ng'ombe na ngamia wanaonekana kuwa chakula kizuri, lakini wao pamoja na sisimizi na nzi wa kawaida hubeba tegu wachanga wa kuku. Kuku anayezurura hawezi kuzuiwa asiwadonoe kabisa. Unachoweza ni kutowakusanya kwa makusudi, na kuwapa kuku dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3 hivi.

Wapo pia wadudu ambao sumu yao inatokana na mimea wanayokula, au wanaitengeneza wenyewe. Panzi wakubwa, wazito, wenye rangi za kung'aa kama nyekundu, bluu au manjano, ambao hawana haraka ya kuruka ukiwakaribia, mara nyingi wamekula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu. Mmojawapo ni ule mmea wa majani mapana ya kijivu unaoota kwenye mchanga mkavu, ambao Wasomali huuita boc. Mara nyingi mdudu mwenye sumu hujitangaza kwa rangi. Panzi wa kuwachukua ni wale wa rangi ya nyasi, yaani kijani au hudhurungi, na wanaokimbia upesi. Viwavi wenye manyoya marefu usiwachukue kamwe.

Swali la pili: nini kiliwaua?

Tarehe 28 Desemba 2019 makundi makubwa ya nzige wa jangwani, ayax kwa Kisomali, yaliingia Kenya kupitia Mandera na Wajir. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisema nchi haikuwa imeshuhudia uvamizi mbaya hivyo kwa miaka 70. Kundi moja lililopimwa kaskazini mashariki lilikuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Kilomita moja ya mraba ya kundi la namna hiyo huweza kubeba nzige milioni 40 hadi 80, na kila mmoja, mwenye uzito wa gramu 2 hivi, hula majani ya uzito wake kila siku.

Ndege na magari yalipuliza dawa. Miongoni mwa zilizotumika Afrika Mashariki zilikuwemo fenitrothion, chlorpyrifos na deltamethrin. Mbili za kwanza ni za kundi linalovuruga mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli, na linafanya hivyo kwa mdudu, kwa kuku na kwa binadamu. Ndiyo maana FAO iliwaonya watu wasile nzige kutoka maeneo yaliyopuliziwa. Onyo hilo linawahusu kuku wako kikamilifu.

Uvamizi ule ulituachia somo jingine lenye manufaa. Mapema mwaka 2021, shirika la The Bug Picture lilifanya kazi na wanakijiji wa Laikipia, Isiolo na Samburu. Nzige walikamatwa usiku kwa mwanga wa tochi wakiwa wametua kwenye miti na vichaka, na wakusanyaji walilipwa shilingi 50 kwa kilo. Walisagwa kuwa unga wa chakula cha mifugo na mbolea. Mpango huo ulilenga makundi madogo yaliyotua karibu na makazi ya watu, mahali ambapo dawa haifai kupulizwa. Huo ndio utaratibu wa kufuata nzige wakirudi: ulizia kwanza kwa chifu au kwa maafisa wa kilimo kama eneo lako au la jirani limepuliziwa, kamata walio hai, usiku au alfajiri, wanapokuwa wazito kwa baridi, na usiokote hata mmoja aliyelala chini, anayetetemeka au anayeruka kwa shida. Kumbuka pia kwamba nzige husafiri kilomita nyingi kwa siku. Ikiwa upulizaji unaendelea popote katika kaunti yako, waache.

Nzige huja na kuondoka, lakini dawa za shambani zipo kila msimu. Ukingo wa Tana kuanzia Balambala hadi Masalani una mashamba ya nyanya, vitunguu, tikiti na ndizi, na nyanya hasa hupuliziwa mara kwa mara. Lebo ya kila dawa huonyesha siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zihesabu siku hizo kwa wadudu pia, na ukiweza ongeza wiki moja juu yake. Kama shamba si lako, muulize mwenye shamba. Jirani mwema hatakuficha.

Nyumbani napo pana sumu. Mende aliyekufa kwa dawa ya kopo au kwa chaki ya mende, na mchwa waliotoka kwenye ukuta uliowekewa dawa ya mchwa, wasifike bandani. Baadhi ya dawa za mchwa hukaa udongoni miaka.

Swali la tatu: wamehifadhiwa vipi?

Joto la mchana la Garissa mara nyingi hukaribia au kupita nyuzi 35. Katika joto hilo, kilo ya wadudu waliokufa ndani ya mfuko wa plastiki huanza kuoza kabla ya adhuhuri. Wadudu walio hai wapewe kuku asubuhi ile ile. Waliobaki wachemshwe dakika 5 hadi 10 ili vijidudu vipungue, wachujwe, kisha watandazwe juani tabaka moja juu ya wavu au turubai safi, chini ya chandarua kuzuia nzi. Kwa jua letu siku 2 au 3 hutosha, mradi usiku uwaingize ndani.

Wamekauka wakati mdudu anavunjika kwa mlio ukimbana kati ya vidole. Akipindika bado ana maji, na maji huleta ukungu. Waweke kwenye mtungi au ndoo yenye mfuniko wa kubana, kivulini, na uandike tarehe. Kabla ya kuwatumia, nusa. Harufu nzuri ni ya karanga au samaki mkavu. Harufu chungu kama ya mafuta ya kupikia yaliyokaa sana inamaanisha mafuta yao yameharibika. Ukiona vumbi la kijani, jeupe au jeusi linalonata, tupa lote. Usichague wazima kutoka ndani yake.

Wadudu wa kuchagua

Mchwa. Kwa mfugaji mdogo wa Kaskazini Mashariki huyu ndiye mdudu wa kuanza naye. Vichuguu virefu viko kila upande, mchwa hula nyasi kavu na kuni, na mwili wake ni laini kiasi cha kuliwa na kifaranga. Kumnasa hakugharimu kitu:

Kwanza, tafuta mtungi mkuukuu, chungu au kopo kubwa la bati. Lijaze kinyesi kikavu cha ng'ombe kilichochanganywa na nyasi kavu au magunzi ya mahindi, ushindilie, kisha ulowanishe kwa maji kidogo.

Pili, jioni, tafuta mahali mchwa wanapopita: njia zao za udongo mbichi juu ya kuni, au pembeni mwa kichuguu. Kwangua udongo mpaka uwaone, pindua chombo juu yao, ukifunike kwa gunia bichi na mawe ili jua la asubuhi lisikikaushe.

Tatu, rudi alfajiri. Siku ya kwanza unaweza kukuta wachache. Acha chombo usiku mwingine wa pili au wa tatu na uongeze maji. Wakijaa, kung'uta juu ya turubai mbele ya kuku. Usingoje jua lipande, maana mchwa watarudi ardhini au watakauka.

Usibomoe kichuguu. Kiachie malkia wake, na zungusha mitego yako kati ya vichuguu kadhaa, nawe utavuna mwaka mzima. Kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua za masika (gu) na za vuli (deyr) ni wanono zaidi. Wakaushe wale ambao kuku hawakuwamaliza. Kwa kuwa wana mafuta mengi, hao ndio wa kulishwa kuku mapema kabla hawajaharibika.

Panzi na nyenje. Wana protini nyingi na kuku huwapenda. Wakamate asubuhi mapema kwenye nyasi kabla miili haijapata joto. Kwa vifaranga, ng'oa miguu ya nyuma yenye miiba na mabawa, kisha katakata mwili. Miguu mikavu ya panzi na nzige huweza kukwama kwenye gole na kuliziba.

Wadudu wa taa. Wengi hutundika taa ya sola juu ya beseni la maji usiku wa mvua na kupata wadudu tele. Mtego huo ni mzuri, lakini hukamata na wasiotakiwa. Asubuhi wamwage wote kwenye kitambaa cheupe na uwapitie kwa kijiti kabla ya kuwapa kuku. Ondoa mbawakawa warefu, laini, wenye shingo nyembamba, hasa weusi wenye mistari ya manjano au nyekundu. Wana sumu inayotoa malengelenge ngozini na kuunguza matumbo. Ondoa pia yule mwembamba wa rangi ya chungwa na nyeusi kwa kupokezana, mdogo kama punje ndefu ya mchele, ambaye Wakenya humwita nzi wa Nairobi. Huyu haumi, lakini ukimponda juu ya ngozi unapata jeraha la kuungua. Mpeperushe tu, na unawe mikono kwa sabuni. Wakiwa wengi kupita wa kupembuliwa, tupa mavuno ya usiku huo.

Nzi askari mweusi. Wafugaji wengi wa Kenya humjua kwa herufi tatu, BSF. Huyu unaweza kumfuga mwenyewe kutoka yai, kwa hiyo maswali yote matatu una majibu yake. Nzi mwenyewe haumi, hatafuti chakula jikoni kama nzi wa kawaida, na huishi siku chache tu za kupandana na kutaga. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimeonyesha kwamba unga wa mabuu yake unaweza kuchukua nafasi ya samaki katika chakula cha kuku. Mwaka 2017 shirika la viwango la KEBS lilitoa kiwango cha taifa cha wadudu waliokaushwa wa kutengenezea chakula cha mifugo. Ukinunua unga wa wadudu dukani, uliza kama umetengenezwa kwa kufuata kiwango hicho.

Kumfuga BSF katika joto la Garissa

Anza na mayai au mabuu machanga kutoka kwa mfugaji anayeaminika. Yakisafirishwa kutoka Nairobi, yaje kwa basi la usiku, kwenye kopo lenye matundu, si karibu na injini. Mayai huanguliwa kwa siku 3 au 4, na mabuu huwa tayari kuvunwa baada ya wiki 2 hadi 3.

Chakula chake ni mabaki safi ya mimea: maganda ya maembe, ndizi na tikiti kutoka kwa wauza matunda, mboga zilizonyauka, pumba, makombo ya wali na ugali. Wachuuzi wa sokoni hutupa mabaki hayo kila jioni. Chukua kutoka kwa mchuuzi mwenyewe, si kutoka jaa la taka, kwa sababu jaani kuna betri, nepi na dawa, na mabuu huweza kukusanya mwilini madini ya sumu kama kadmiamu. Usiweke nyama wala kinyesi kwenye mabuu yatakayoliwa na kuku. Vijiti vya miraa ni vigumu mno kwao. Majani ya mwarobaini, ambayo hujaa kila ua mjini Garissa, yafagie mbali: yana dawa ya asili inayozuia mabuu kukua.

Mabuu hustawi katika nyuzi 27 hadi 30. Hapa kwetu adui ni joto na ukavu, na hivi ndivyo vya kufanya:

Weka makarai au mabeseni chini ya kivuli kizito au ndani ya kibanda cha makuti chenye upepo, kamwe si chini ya mabati matupu.

Tandaza chakula kisizidi kina cha sentimita 5 hadi 7. Mabuu mengi yakirundikana hutoa joto lao wenyewe, na rundo nene hujipika. Ukiyaona yanapanda kuta za beseni mchana, yanakimbia joto. Punguza kina mara moja na funika kwa gunia bichi.

Pima maji kwa mkono. Kamata konzi ya mchanganyiko na uiminye. Tone moja au mawili likitoka ni sawa. Maji yakichuruzika, ongeza pumba. Konzi ikisambaratika ikiwa kavu, nyunyiza maji.

Simamisha miguu ya meza kwenye makopo ya maji. Bila hivyo sisimizi watamaliza mayai na mabuu machanga kwa usiku mmoja.

Vuna mabuu yakiwa bado meupe au ya rangi ya maziwa, kabla hayajageuka meusi. Yachuje, yaoshe, yachemshe na kuyakausha kama ilivyoelezwa. Machache yaache yageuke meusi na kuwa nzi, ndani ya chandarua kinachopata mwanga wa jua la asubuhi, ili upate mayai ya mzunguko unaofuata. Kinachobaki kwenye beseni ni mbolea ya shamba.

Kiasi gani, kwa kuku gani

Wadudu ni kitoweo. Nafaka na majani ndiyo chakula. Kuku mkubwa wa kienyeji hula takriban gramu 100 za chakula kikavu kwa siku. Moja ya kumi ya hizo, yaani gramu 10 za wadudu wakavu, inatosha. Wadudu wabichi theluthi mbili hivi ya uzito wao ni maji, kwa hiyo gramu 30 za wabichi, konzi moja ndogo, zinalingana na hizo. Mitetea 20 itatosheka na gramu 600 za wabichi au 200 za wakavu. Anza na robo ya kiasi hicho na upandishe polepole kwa wiki nzima, vinginevyo wataharisha.

Vifaranga wa chini ya wiki 3 wape mchwa, mabuu madogo au unga wa wadudu ndani ya chakula chao. Kipande kisizidi upana wa mdomo wa kifaranga. Mdudu mkubwa humkaba, na vifaranga hunyang'anyana hadi wakajeruhiana.

Mitetea inayotaga inahitaji kalisi nyingi kwa ajili ya maganda. Mabuu ya BSF yanayo ya kutosha kusaidia, lakini mchwa, panzi na nyenje wana kidogo mno. Ukitegemea hao peke yao, mayai yatakuwa na maganda laini na mitetea itadhoofika miguu. Weka chombo cha kando chenye maganda ya kombe yaliyosagwa, au maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa, kila mtetea ajichukulie kadiri ya haja yake. Na maji yasikatike bandani. Wadudu wakavu huongeza kiu, na katika joto hili kuku anayekosa maji hata nusu siku huweza kupunguza kutaga.

Dalili za hatari na la kufanya

Sumu hushambulia ghafla, na mara nyingi huanza na kuku wenye afya na nguvu kwa sababu ndio waliokula zaidi. Ukiona kuku kadhaa ndani ya saa chache wanatoa mate, machozi, wanatetemeka, wanahema kwa shida au wanaanguka, fikiria dawa ya wadudu. Ukiona kulegea kunakopanda kutoka miguuni hadi shingoni bila kutetemeka, fikiria funza wa mzoga. Kideri nacho hupinda shingo, lakini huja na kukohoa na kuharisha kijani, na huenea kutoka kuku mmoja hadi mwingine kwa siku kadhaa. Kuku waliochanjwa kideri kwa wakati hukurahisishia kujua chanzo.

Chukua hatua hizi kwa mpangilio. Ondoa wadudu wote waliobaki, ukibakisha kiasi kidogo kwenye chombo kilichofungwa cha kumwonyesha daktari. Wafungie kuku, wape maji safi kivulini. Mpigie daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa wadi, umweleze ni wadudu gani, kutoka wapi na walilishwa saa ngapi. Kwa sumu za kundi la chlorpyrifos ipo dawa ya kukabiliana nazo, lakini haingoji kesho. Usiwachinje wagonjwa kwa haraka ili "wasiharibike". Nyama yao na mayai yao yasiliwe wala kuuzwa hadi daktari aseme yako salama. Waliokufa wazike kwa kina, vaa glavu au mifuko mikononi, na watoto wasishike.

Ukitaka kuanza, usianze na kila kitu. Mtego mmoja wa mchwa mahali ambapo unajua hapajawahi kuwekwa dawa unatosha kwa wiki ya kwanza, kwa kuku 5 au 6 utakaowaangalia kwa karibu. Wakiendelea vizuri, wape na wengine, kisha fikiria beseni la BSF. Na waambie wote wanaokusaidia kulisha, hasa watoto wanaopenda kuwaletea kuku kila kinachotambaa, kwamba mdudu asiyejulikana alikotoka haingii bandani, hata kama kuku wana njaa. Siku moja ya pumba tupu haitawaua. Konzi moja ya wadudu wa kubahatisha inaweza kulimaliza banda lote.